Watano Nyumbani kwa Mwalimu

Barua ya ofisi ya ardhi ilifika Jumanne, siku ya Tutu kusafishwa damu, kwa hiyo hakuna aliyeifungua mpaka jioni. Tutu ndilo neno letu la bibi huku Hawaii, na huyu jina lake ni Healani Medeiros, miaka themanini na miwili, figo zote mbili zimestaafu kabla yake. Mara tatu kwa wiki mwanawe Wendell humpeleka kwenye mashine, kisha humrudisha nyumbani Nanakuli amelegea, na siku hizo nyumba nzima hunong'ona.

Aliyeisoma ni Kehau, bintiye Wendell. Ana miaka ishirini na minne, anauza kwenye duka la dawa, na katika nyumba ile kila chenye herufi ni kazi yake.

"Wanataka Tutu aandikishe mrithi wa nyumba kabla ya mwisho wa Juni," alisema. "Na mrithi athibitishe damu."

"Nilishathibitisha," Tutu alijibu kutoka kwenye kochi, macho kayafumba. "Mwaka wa sabini na mbili. Shangazi zangu wawili waliapa, ikatosha."

"Hiyo ilikuwa yako, Tutu. Sasa ni ya Baba. Na siku hizi hawataki viapo vitupu, wanataka karatasi."

Ardhi hii ya Wahawaii tunaikodi kwa dola moja kwa mwaka, miaka tisini na tisa. Ili upewe, lazima damu yako iwe ya Kihawaii nusu. Ili urithi kwa mzazi, robo. Sheria hiyo hatukuitunga sisi, lakini ni sisi tunaohesabiana kila siku, na aibu yake tumeizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Wendell alikuwa anapakua wali. "Mama robo tatu," alisema. "Baba yangu, Mungu amrehemu, Mreno mtupu. Kwa hiyo mimi ni robo na kipande. Nikipelekwa buchani nafungwa kwenye karatasi moja."

"Na mimi?" Kehau aliuliza.

"Wewe na mama yako Mfilipino? Wewe ni makombo, binti yangu. Kula."

Walicheka, ila Kehau alikuwa bado ameshika barua. Aliyepungukiwa karatasi alikuwa baba yake Tutu, Keaka Kaluna, aliyezaliwa Hookena, kijiji cha kisiwa kikubwa, enzi ambazo mtoto alizaliwa na kubatizwa na hakuna aliyekimbilia serikalini. Ofisi ilisema ikikosekana hati ya kuzaliwa, iletwe sensa ya zamani kabisa iliyomtaja. Bila hiyo Wendell si mrithi, na siku Tutu akifumba macho nyumba inarudi ofisini, ipewe mwingine aliye kwenye foleni.

Hakuna aliyehitaji kuuliza baada ya hapo nini. Chumba kimoja cha kupanga katika kisiwa hiki kinakula mshahara wa fundi wa mabasi kama Wendell na bado kinadai. Mkewe alishakata shauri miaka mitatu iliyopita, akawafuata ndugu zake Las Vegas, na kila Jumapili hupiga simu kuuliza wao wanangoja nini.

*

Kila Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa, Anko Likeke Naone huwafundisha watu kusoma sensa za kale. Ni mzee wa miaka sabini, alikuwa mpakia mizigo bandarini, mikono yake mipana inagusa laptopu kana kwamba ni yai. Amesaidia nusu ya mtaa kupata mababu zao. Yeye mwenyewe yuko kwenye orodha ya wanaongoja ardhi mwaka wa thelathini na moja, na analala kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya mpwa wake. Mama yake alikufa akiwa kwenye orodha hiyohiyo.

"Keaka Kaluna," alisema, akivuta kiti. "Hookena ni kwetu, mtoto. Baba yangu na babu yako huyo waliogelea pamoja. Tutampata kabla chai haijapoa."

Wakampata. Sensa ya mwaka elfu moja mia tisa na ishirini: Keaka Kaluna, mwana, miaka kumi na tano, Mhawaii. Kehau alipiga makofi kidogo.

"Usishangilie," Likeke alisema. "Wanataka ya zamani kabisa. Ipo ya mwaka wa kumi." Akaanza kufungua kurasa, akiimba chini chini wimbo wa kanisa. Alipofika ukurasa mmoja akaacha kuimba. Aliusogelea, akatoa miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Vipi, Anko?"

"Imefifia." Akaifunika laptopu. "Nitaisafisha nyumbani. Kesho nitawaletea."

Kehau alisema ahsante sana. Alipofika nje ndipo alipojiuliza kwa nini mzee hakunywa chai yake.

*

Jumapili Likeke alikuja na samaki aku aliyefungwa gazetini na bahasha kubwa. Samaki akampa Kehau, bahasha akabaki nayo magotini, akaulizia figo, akaulizia mvua, akasifu poi, ule uji wetu wa magimbi. Wendell ndiye aliyechoka.

"Anko, toa basi."

Ulikuwa ukurasa mmoja mpana wa mistari hamsini, na mwandiko ulikuwa safi kabisa. Haukufifia popote.

"Huyu aliyehesabu ni babu yangu," Likeke alisema, akigusa jina lililo juu: Simeona Naone. "Alikuwa mwalimu wa shule pale Hookena, serikali ikampa kazi ya sensa. Mtazameni alivyoandika. Hakuwa mtu wa kusema uongo, babu yangu." Kidole kikashuka mpaka mstari wa kumi na nne. "Hapa."

Kehau akasoma kwa sauti kwa sababu ndiyo kazi yake. Nyumba ya Kaluna, watu wanne. Kaluna, mvuvi. Malie, mkewe. Mama yake Malie, mjane. Keaka, miaka mitano, mtoto wa kulea. Mjapani. Baba kazaliwa Japani. Mama kazaliwa Japani.

Akasoma tena, kimya kimya sasa.

Wendell hakuhitaji kalamu. Ukimtoa Keaka, Tutu anabakiwa na upande wa mama yake, aliyekuwa nusu Mchina. Hiyo ni robo. Na mtoto wa robo na Mreno ni nusu ya robo, na nusu ya robo hairithi kitu.

"Mama. Ulijua?"

Tutu alikuwa amekaa wima. "Nilijua nini? Kwamba mama mmoja wa mashamba ya miwa alikufa akijifungua, na baba mtu hakuwa na wa kumnyonyeshea? Malie alikuwa amezika watoto watatu. Alipanda nyumbu siku mbili kwenda kumchukua, akampa jina la yule wa mwisho. Baba yangu hakujua neno moja la Kijapani. Alijua nyavu za Kaluna, na sala za Kaluna, na amezikwa miguuni pa Kaluna. Hicho ndicho ninachojua."

"Lakini hukusema."

"Mtoto aliyepokelewa nyumbani haulizwi alikotoka. Ningesemaje jambo ambalo kwetu halisemwi?"

Ni kweli, halisemwi. Kwetu mtoto hutolewa na kupokelewa, na akishapokelewa mlango unafungwa, na anayeufungua ndiye mwenye aibu. Likeke alilijua hilo kuliko wote mle ndani, na alikuwa anatazama sakafu.

"Nani mwingine ameiona hii?" Wendell aliuliza.

"Mimi tu. Na yeyote mwenye intaneti." Likeke akainuka, magoti yakalia. "Nimewaletea ninyi kwanza, mwanangu."

Alipokwisha kuondoka, Wendell alirudia lile neno. "Kwanza," alisema. "Umemsikia? Kwanza."

Kesho yake Kehau alipeleka ofisini ukurasa wa mwaka wa ishirini. Kwenye fomu palikuwa na swali: je, iko sensa ya zamani zaidi? Baba yake alimwambia cha kuandika. Akaandika haikuonekana, akatia saini yake, na siku nzima dukani akawapa watu chenji isiyo sawa.

*

Wiki ya pili boti ya Likeke ikaja.

"Mpwa wangu anataka nafasi ya magari," alisema. "Itakaa hapa siku mbili tatu tu."

Ilikaa Aprili nzima. Wendell akawa anaegesha pikapu barabarani, akapigwa faini mara mbili, akalipa. Kisha zikaja nyavu, kisha jokofu la chambo lililonguruma chini ya dirisha la Tutu. Likeke akawa anakuja kila alasiri kuangalia vyombo vyake, na kwa kuwa amekuja, anakula, na kwa kuwa ni mzee, anapewa kipande cha tumboni chenye mafuta. Kehau alimpakulia kwa mikono miwili. Zamani alimtania, sasa alisema ndiyo Anko, hapana Anko.

Sitasema Likeke alikuwa mwovu. Hakutisha mtu, hakuutaja tena ule ukurasa. Lakini mtu aliyesimama foleni miaka thelathini na moja ana namna ya kutazama paa la mwenzake. Siku moja alisimama uani, mikono kiunoni, akasema, "Hili bati linataka rangi. Ingekuwa langu ningelipaka kabla ya mvua."

"Ingekuwa lako," Wendell alisema.

"Nasema tu."

Wikendi ile Wendell alinunua rangi akapaka bati.

Tutu peke yake hakubadilika. Alimwita Likeke mdogo wangu kama siku zote, akamtuma amletee maji, akamkemea kwa kutema mate karibu na maua yake. "Anajivunjia heshima mwenyewe kwa hiyo boti yake," alisema. "Mwacheni, ana upweke."

"Ana ukurasa, Mama," Wendell alisema.

*

Mwishoni mwa Mei Likeke alikuja bila samaki. Alivua kofia mlangoni, jambo ambalo alikuwa ameliacha.

"Nimeitwa," alisema.

Alitoa barua. Zamu yake imefika. Kipo kiwanja Waimanalo, na Jumatano anatakiwa na karatasi zote. Za mama yake anazo, lakini za baba yake, Elia Naone, ni yaleyale: kazaliwa Hookena, hana hati. Alihesabiwa mara moja tu akiwa kwao, akiwa na miaka mitatu, kabla hajapelekwa shule ya bweni na kupotea kwenye vitabu. Sensa ya mwaka wa kumi.

Kehau alielewa kabla baba yake hajaelewa. "Ni ukurasa uleule," alisema.

"Mstari wa thelathini na nane." Sauti ya Likeke ilikuwa ndogo. "Ninyi mko wa kumi na nne. Niliuliza kama naweza kukata kipande cha kwetu tu. Hawakubali. Wanataka mzima, wenye jina la aliyehesabu."

Wendell alisimama. "Karani ni yuleyule. Faili letu liko mezani kwake. Utampelekea mkononi."

"Mama yangu alikufa kwenye foleni hii, Wendell. Mimi nina miaka sabini. Wakinipita wanamwita wa nyuma yangu."

"Umekula hapa miezi miwili."

"Nimekula. Najua nimekula." Akamgeukia Tutu. "Na kuna la pili, dada. Wanataka mtu wa Hookena aape kwamba Elia alikuwa mwana wa mwalimu. Wote wamekufa. Umebaki wewe."

Wendell alicheka kicheko kisicho na kitu ndani. "Sasa ndiyo nimesikia yote. Achimbe kaburi letu, halafu Mama amshikie taa."

"Dada, sikulazimishi."

Tutu alimtazama Likeke kuanzia utosi mpaka viatu. Kehau alidhani anatafuta tusi. Lakini alisema tu, "Jumatano si siku ya mashine. Njoo saa mbili unichukue, na uoshe hilo gari lako, linanuka."

*

Bi Akana, karani, ni mtu wetu, mnene, mpole, ua sikioni. Alimbusu Tutu mashavu yote mawili na kumpangia mto kwenye kiti. Wendell alikataa kuja. Kehau alikaa upande mmoja wa bibi yake, Likeke upande wa pili, ukurasa ukiwa mapajani.

Kiapo kilisomwa. "Tutu, Elia Naone alikuwa mwana wa Simeona Naone na mkewe?"

"Alikuwa mwana wao," Tutu alisema. "Alilala katikati yao, na aliwazika wote wawili."

Bi Akana akaandika, Tutu akatia saini polepole, kwa herufi zake kubwa za shule ya Jumapili. Kisha karani akapokea ukurasa na kuanza kushuka nao kwa kidole tangu juu, kama wanavyofanya watu waangalifu. Likeke alikuwa anajikuna kiganja. Kidole kikapita mstari wa kumi, wa kumi na mbili. Kwenye wa kumi na nne kikasimama, kikaendelea, kikarudi.

"Keaka Kaluna," alisema. "Huyu si ndiye..." Akafungua droo, akatoa faili lililoandikwa Medeiros. Alisoma fomu, akasoma saini, akamtazama Kehau bila hasira, na afadhali angekasirika. "Mliandika haikuonekana, mpenzi."

Kehau alifungua mdomo. Mkono wa Tutu, wenye vinundu vya sindano, ukamkandamiza goti.

"Ilionekana," Tutu alisema. "Mtoto ameandika alivyoambiwa. Uliza unachotaka kuuliza, tuko kwenye kiapo bado."

"Keaka alikuwa mwana wao wa damu?"

"Alilala katikati yao pia."

Bi Akana alishusha kalamu. "Tutu, mimi mwenyewe nina dada wa namna hiyo, na anayesema si dada yangu nitampiga. Lakini fomu inauliza damu." Akafunga faili. "Wewe hawatakutoa, ulipewa zamani. Nyumba ni yako mpaka siku yako. Baada ya hapo inarudi. Samahani sana."

Likeke alikuwa analia wazi wazi, kofia mdomoni. Muhuri wake uligongwa dakika kumi baadaye.

*

Tangu siku ile Tutu akikohoa, Wendell huinua kichwa. Wote watatu wanajua wanaishi ndani ya pumzi za mama mmoja mgonjwa. Mke wa Wendell ameshaulizia kazi za mabasi Las Vegas. Boti iliondoka uani na kuacha nyasi za manjano zenye umbo lake.

Jumanne hii Kehau aliomba ruhusa dukani, akakaa na bibi yake kwenye mashine. Damu ilikuwa inakwenda na kurudi kwenye mirija.

"Kule Waimanalo Likeke wamempa kiwanja cha kona," Kehau alisema. "Ameanza kumwaga msingi. Na kila mtu anamsifu babu yake, eti mwalimu hakuwahi kuandika uongo."

Tutu alicheka mpaka nesi akageuka. "Simeona? Kwa watoto wa jirani alikumbuka serikali. Kwa wa kwake alikumbuka mtoto."

"Wa kwake vipi?"

Tutu alijua ameteleza. Kwa kuwa amechoka na kwa kuwa lilikuwa limeshatoka, akalimaliza. Elia aliletwa usiku, amefungwa kwenye blanketi la farasi, mtoto wa Mreno wa ranchi na msichana mgeni aliyepandishwa meli wiki ileile. Mwalimu na mkewe walikuwa na mabinti wawili tu. Hookena nzima ilijua, na Hookena nzima ikafunga mlango. Mwalimu akaandika mwana, Mhawaii.

"Likeke anajua?"

"Angejulia wapi? Nani angemwambia?"

Bila damu ya Elia, Likeke anabakiwa na ya mama yake tu, na hafiki nusu. Na kama mwalimu alidanganya mstari wa thelathini na nane, nani ataamini wa kumi na nne? Ukurasa mzima unaanguka. Baba yake anabaki na mstari wa mwaka wa ishirini, safi, na nyumba inabaki. "Tutu, ulikuwa pale. Ulikuwa na kalamu mkononi. Ungesema neno moja."

Tutu alikuwa amefumba macho, na mashine ikamhesabia dakika.

Kehau akafungua laptopu. Upande mmoja aliweka ukurasa wa Hookena, upande wa pili fomu ya ofisi ya ardhi, ile ya mtu mwenye taarifa dhidi ya mwingine. Akaandika jina lake. Akaandika Naone. Alidhani bibi yake amelala.

"Unasoma nini, mjukuu wangu?"

"Sensa, Tutu."

"Nyumbani kwa mwalimu wako wangapi?"

Kehau alihesabu, ingawa alikuwa anajua. Simeona. Mkewe. Mabinti wawili. Elia, miaka mitatu.

"Watano."

"Basi waache watano," Tutu alisema, akageuzia uso wake ukutani.